Mnaosema Marekani huwezi kuswali swala tano kwa wakati: tatizo ni kazi au ni aibu?

#1 MzaramoWaCedar
Wakuu, assalaam aleykum, na habari zenu wale wa upande wa pili.

Kuna maneno nayasikia kila nikija Dar likizo, na humu jukwaani ndiyo usiseme: "Unyamwezini huwezi kuswali tano, maisha hayaruhusu, unabeba boksi mchana kutwa halafu usiku unazilipa zote kwa mkupuo."

Mimi nakaa Minneapolis, jimbo la Minnesota, mtaa wa Cedar-Riverside, chini ya yale maghorofa yenye vibao vya rangirangi. Huku adhana inasikika mtaani. Ramadhani ya korona, 2020, msikiti wa Dar Al-Hijrah uliruhusiwa kuadhini kwa vipaza sauti. 2022 jiji likaruhusu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Aprili 2023 madiwani wakaondoa hata huo mpaka wa saa, kura zote ndiyo, meya Jacob Frey akatia saini. Kwa hiyo Alfajiri ya kiangazi na Isha yake nazo zimo. Mji wa kwanza Marekani.

Nimefanya kazi ghalani, nimepiga deki maofisini, sasa niko karakana ya mabasi. Kote nimeswali. Na ninaowaona hawaswali wanapata muda wa kwenda kuvuta sigara mara tatu kwa shifti moja. Dai langu: kinachowaangusha watu si kazi, ni AIBU. Mtu anaona haya akutwe kapandisha mguu kwenye sinki. Anaona haya kumwambia bosi "naomba dakika saba". Huyohuyo akiwa Kariakoo anatawadha mbele ya mtaa mzima.

Nipingeni.

#2 PopobawaMstaafu
Nimeshaweka kambi. Atakayepita na kahawa na kashata aniachie.

#3 NesiWaStPaul
Aibu? Kaka yangu, njoo wodini kwetu siku moja.

Nikupe ratiba ya Desemba hapahapa kwetu St Paul, ng'ambo ya mto tu kutoka Minneapolis. Adhuhuri inaingia saa sita na dakika kumi. Alasiri saa nane na robo. Magharibi saa kumi na nusu. Isha saa kumi na mbili jioni. Swala nne ndani ya saa sita, na zote zinaniangukia kwenye shifti ya saa moja hadi saa moja. Mama yangu Tandika hajaikubali mpaka leo. Nikimwambia saa kumi na nusu nimeshaswali Magharibi ananiuliza nani kanidanganya, maana yeye saa hiyo ndio kwanza kakunja msala wa Alasiri.

Sasa mimi nina wagonjwa, kila mmoja na kengele yake. Nikiwa kwenye rakaa ya pili ikalia ya mzee ambaye akisimama peke yake anaanguka, nifanye nini? Nakata swala, naenda. Kwetu mkuu wa zamu anajua naswali, chumba cha ibada kipo, tena kina msala na mshale wa kibla ukutani. Haya sina. Watu wa kunishikia zamu ndio sina.

#4 UstadhMtaani
Dada Nesi, kukata swala ili kumuokoa mtu asidhurike ni wajibu, usijihukumu kwa hilo.

Kuna rukhsa pia. Hadithi ya Ibn Abbas iko kwenye kitabu cha Sahihi Muslim: Mtume (SAW) aliswali Madina Adhuhuri na Alasiri pamoja, na Magharibi na Isha pamoja, bila ya hofu wala mvua. Alipoulizwa kwa nini, Ibn Abbas akasema alitaka asiutie umma wake uzito. Wako wanavyuoni walioichukua kwa mwenye dhiki ya kweli, kwa sharti asiifanye mazoea. Mashafii wengi wa pwani yetu hawaendi huko. Kwao ni safari, na mvua kwa wanaoswali jamaa msikitini. Theluji inayoyeyuka ikaloanisha nguo inahesabiwa kama mvua.

#5 ChuraWaMikocheni
Ustadh upo Tanga, barafu umeiona kwenye friji la Mangi tu, leo unatoa fatwa ya theluji inayoyeyuka. Nakuheshimu sana.

#6 Mlandege72
Mleta uzi tusahihishane kidogo. Minneapolis si mji wa kwanza. Hamtramck, Michigan, waliruhusu adhana ya vipaza sauti 2004, na watu walibishana mpaka ikapigiwa kura. Dearborn, jirani zao, wanaadhini tangu zamani zaidi. Minneapolis ni wa kwanza kati ya miji MIKUBWA kuruhusu zote tano. New York nao Agosti 2023 walisema misikiti haihitaji kibali kwa adhana ya Ijumaa, saa sita na nusu hadi saa saba na nusu mchana, na ya Magharibi mwezi wa Ramadhani. Basi.

Na hiyo adhana yenu ina kiwango cha sauti, yakhe. Usiwafanye watu wadhani ni Darajani.

#7 MzaramoWaCedar
Haya, mji MKUBWA wa kwanza, hoja inabaki palepale. Kati ya madiwani 13 waliokuwepo, Waislamu walikuwa watatu tu na kura ikapita bila mpinzani. Kama jiji halioni tabu sisi kuadhini, wewe unajificha ngazini kuswali unamwogopa nani?

Dada Nesi wewe nakutoa. Nilikuwa nawasema wa maghala.

#8 DerevaWaMalori
Mnahangaika bure. Mimi naendesha lori refu, Minnesota mpaka Texas na kurudi, na naswali kwa raha kuliko nyote. Msafiri: nafupisha na najumuisha. Adhuhuri rakaa mbili, Alasiri mbili, nimemaliza. Naegesha kwenye vituo vya malori, natandika kati ya lori na uzio, mwisho wa habari. Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu zaidi ya mzee mmoja wa Oklahoma aliyedhani nimeanguka, akaja na maji ya kunywa.

Kinachonisumbua ni kibla. Simu inanielekeza kaskazini mashariki. Ramani ya ukutani inaonyesha Makka iko kusini mashariki ya Marekani. Nikikutana na madereva wengine kila mtu na upande wake. Mwenye elimu anisaidie.

#9 BahariaMstaafu
Simu yako iko sawa. Ramani ya ukutani ni dunia iliyopasuliwa ikalazwa, haikupi njia fupi. Chukua tufe, funga uzi kutoka Minneapolis mpaka Makka, uvute ukaze. Utaona unaondoka kuelekea kaskazini mashariki, unakatiza juu ya Atlantiki ya kaskazini ndipo unateremka. Ndege za kwenda Jeddah hupita mle. Ukiwa Anchorage, Alaska, uzi unakwenda karibu kaskazini kabisa.

Kile kituo cha Kiislamu cha Washington kilichofunguliwa 1957, kwenye Massachusetts Avenue, kimejengwa hivyo. Kilivyokaa upandeupande na barabara utadhani fundi alilewa, kumbe ni hesabu ya kibla.

#10 Mlandege72
Lakini uaminifu useme pia kwamba wako waliokataa. Hoja yao: ukifuata mshale uleule wa dira bila kuugeuza, kutoka Marekani utafika Makka kwa kusini mashariki, na ndivyo baharia wa kale angekwenda. Wamebishana kwa vitabu. Misikiti mingi sasa iko kaskazini mashariki, ila ukiingia msikiti wa zamani ukakuta wazee wamekaa upande mwingine usianze ugomvi mlangoni.

#11 BintiMwembeTayari
Wanaume mwazungumza kana kwamba nyote mwaswali jangwani. Mimi niko Columbus, nafanya kazi ofisini. Kutawadha kwa mwanamke aliyevaa buibui na hijabu kwenye choo cha watu wote, mkono mmoja washika pini, mwingine wapangusa kichwa, na mwenzio aingia kupaka rangi ya mdomo akuona nywele zimesimama. Nyinyi mwakunja mikono ya shati mwasema "dakika saba".

Twaja kwenye mguu wa sinki. Dawa ni khufu, yaani soksi za ngozi zafunika vifundo. Natawadha nyumbani kikamilifu, navaa khufu zangu za ngozi juu yake viatu. Kazini udhu ukivunjika naosha vilivyobaki, halafu napangusa juu ya khufu kwa mkono wenye maji. Mkazi ana usiku mmoja na mchana wake, msafiri siku tatu. Hakuna mguu juu ya sinki wala maji sakafuni ya kumtelezesha mtu. Kaka wa Cedar, hiyo aibu yako yauzwa dukani, ina zipu ya ubavuni.

Na kwa haja nyingine nina chupa yangu ndogo mkobani. Nyumbani twatumia ndoo ya kumwagilia maua, ile yenye mdomo mrefu. Aliyewahi kuingia choo cha Mwislamu wa Marekani yuaijua.

#12 ChuraWaMikocheni
Hii ya ndoo ya maua nathibitisha. Shemeji alikuja Houston kutembea, akamwambia kaka "mnapenda bustani, mpaka chooni".

#13 Kijana_wa_Makorora
Dada Binti hizo khufu si lazima ziwe za ngozi. Mimi napangusa juu ya soksi za kawaida mwaka mzima, kuna fatwa.

#14 UstadhMtaani
Fatwa ipo, kwa Mahanbali, na wao wamesema soksi nene inayojishika yenyewe mguuni. Hizi zenu za pamba, zinazoonyesha kidole gumba, kwa Shafii hazifai. Ila ukivaa buti la baridi lisilopitisha maji, linalofunika vifundo, na ukalivaa ukiwa na udhu kamili, unapangusa juu ya buti lenyewe. Likiwa safi, bila shaka.

#15 UjiWaMtama
Naombeni kuuliza kwa nia njema, mimi ni Mkatoliki wa Sengerema. Mwajiri wa huko ANALAZIMIKA kisheria kumpa mtu nafasi ya kuswali? Au ni hisani?

#16 Kijana_wa_Makorora
Analazimika. Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu 2023, kila mwajiri ni lazima ampe Mwislamu muda wa swala.

#17 WakiliBilaOfisi
#16 umeokota nusu. Wacha nipange.

Sheria yenyewe ni ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu ya saba. Inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Anatakiwa akutafutie nafasi ya ibada yako isipokuwa ikimletea uzito usiostahili. Ugomvi wote uko kwenye huo "uzito". Hukumu ya 1977 ilitafsiriwa kwamba hata gharama ndogo tu inamtosha mwajiri kukataa. Juni 2023, kesi ya Groff, Mahakama Kuu ikasema hapana, ni lazima aonyeshe mzigo mkubwa kwa biashara yake. Na huyo Groff si Mwislamu, ni mpeleka barua wa Pennsylvania, Mkristo aliyekataa kufanya kazi Jumapili. Kwa hiyo ndugu wa Sengerema, ni mtu wa upande wenu aliyetufungulia mlango.

Si kwamba kila mtu sasa anashinda. Kabla ya hapo kulikuwa na Fort Morgan, Colorado: mwishoni mwa 2015 Wasomali zaidi ya mia moja wa kiwanda cha nyama walifukuzwa kwa mzozo wa muda wa swala. Kampuni ilikana kosa, ila 2018 ikakubali kulipa dola milioni 1.5. Karibu miaka mitatu wanasubiri. Kodi ya nyumba haisubiri miaka mitatu.

#18 UjiWaMtama
Asante mkuu, nimeelewa. Tutawatumia ankara.

#19 NesiWaStPaul
Wakili umeeleza vizuri, na hapo ndipo namrudia mleta uzi. Ghalani ulikofanya wewe kulikuwa na mashine inayohesabu vifurushi kwa saa? Mwaka 2018, Desemba, wafanyakazi, wengi wao Wasomali, waliandamana kwenye baridi nje ya ghala la Amazon kule Shakopee. Mojawapo ya malalamiko: ruhusa ya swala ipo, lakini kasi inayodaiwa haipungui. Unaswali, halafu unakimbizana kufidia. Ruhusa unayo mkononi, hesabu inakunyang'anya. Utamwita huyo ana aibu?

#20 MzaramoWaCedar
Hao waliandamana hadharani kwa ajili ya swala yao, dada. Ndio mfano wangu hasa, watu wasio na aibu.

#21 NesiWaStPaul
Hapana, usinigeuzie. Wasio na aibu, na bado muda hawana. Umejijibu mwenyewe.

#22 PopobawaMstaafu
Goli hilo. Mwamuzi yuko wapi?

#23 Mzigua_Lewiston
Sie tuko Maine, Lewiston, tuliletwa kutoka makambini Kenya. Dadaab hakuna aliyekuwa na ratiba ukutani. Jirani akichukua birika, nawe unachukua lako. Mtoto akichelewa anatumwa mwenzie akamvute. Hapa nina saa mkononi, nina simu inayoadhini, nina kazi ya usiku ambayo msimamizi hana neno, na swala ya Alfajiri inanipita kuliko nilipokuwa kwenye hema. Kwa nini? Hakuna wa kuniambia twende. Simu nainyamazisha kwa kidole, nalala tena. Baba yangu sikuweza kumnyamazisha.

Msiseme aibu. Semeni upweke.

#24 Mlandege72
#23 umesema kweli kubwa. Ingawa kiangazi hata baba yako angechoka, yakhe. Mwezi wa sita Minneapolis jua linazama saa tatu na dakika chache usiku. Isha, ukihesabu jua likiwa nyuzi 15 chini ya upeo, wanavyohesabu ISNA (jumuiya ya Waislamu wa Amerika Kaskazini), ni saa tano usiku. Alfajiri ni saa tisa na nusu. Ukichukua hesabu ya Rabita, ile jumuiya ya Waislamu wa dunia yenye makao Makka, nyuzi 18 kwa Alfajiri na 17 kwa Isha, basi Isha inakaribia saa tano na nusu na Alfajiri inaingia saa tisa kasoro. Umelala saa ngapi? Na kazini unatakiwa saa kumi na mbili.

Programu mbili kwenye simu moja, kila moja na alfajiri yake, zaidi ya nusu saa kati yake. Mwenye kufunga saumu anaitazama ipi?

#25 Kijana_wa_Makorora
Anaitazama ile inayompa daku ndefu 😂

#26 BintiMwembeTayari
Na Alasiri pia. Msikiti wa Wapakistani karibu na kwangu wafuata madhehebu ya Hanafi, wangoja kivuli cha kitu kiwe mara mbili ya urefu wake. Wetu ni kivuli mara moja. Nikichelewa kwa Wasomali nakimbilia kwa Wapakistani, napata swala ya jamaa. Mimi nimeuona huo kuwa ni rehema, wengine wameufanya vita.

#27 AliyeShukaMgazini
Mnateseka sana ndugu zetu. Karibuni kwetu Mashia Ithnaasheri. Tunaswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, Magharibi na Isha pamoja, mwaka mzima, jua liwe na nyuzi 15 au 50. Mara tatu kwa siku, tano zimetimia. Nesi angepata hata muda wa chai.

#28 UstadhMtaani
Nilijua utatokea tu. Hii mada haikuwa yako.

#29 AliyeShukaMgazini
Hadithi ya Ibn Abbas umeileta wewe mwenyewe kwenye #4, mimi nimekuja kukushukuru.

#30 MuuzaVitengeKongo
Mimi niko Dar, Mtaa wa Kongo, sijawahi kupanda ndege. Nimewasoma toka mwanzo, sasa niseme langu. Misikiti imenizunguka kila upande. Adhana zinagongana hewani, hii inaanza ile inamaliza. Hakuna bosi, duka ni langu. Hakuna theluji, maji yapo, anayenionea ajabu hayupo. Na Alasiri inanikuta nabishana bei ya doti moja na mteja ambaye hatanunua, mpaka naona taa zinawashwa.

Kwa hiyo kazi hapana, aibu hapana, upweke ndio kabisa hapana. Mnipe jina la ugonjwa wangu.

#31 ChuraWaMikocheni
Ugonjwa wako ni ile mia tano unayokataa kupunguza.

#32 MzaramoWaCedar
#30 wewe ndiye unayenipa nguvu! Ukiletwa hapa Cedar wiki moja ungeswali zote, maana ungekuwa mgeni na ungejishika. Nimeona vijana wengi wa hivyo. Bongo Ijumaa kwa Ijumaa, hapa wanatangulia safu ya mbele.

#33 Mzigua_Lewiston
Na nimeona kinyume chake, vijana waliohifadhi juzuu kambini, hapa hata Ijumaa hawaji. Mwaka wa kwanza safu ya mbele, subiri wa tano.

#34 WakiliBilaOfisi
Ijumaa nayo ni somo lake. Misikiti ya mjini inaswalisha mikupuo miwili hadi mitatu kwa sababu ya watu wa maofisini na maegesho. Hutuba fupi, imamu anatazama saa ya ukutani kuliko maamuma. Mimi nakwenda mkupuo wa pili. Novemba saa zikirudishwa nyuma, Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila mwaka kuna watu wanasahau kurudisha zao na kufika saa nzima kabla ya wakati.

#35 BintiMwembeTayari
Bora hao wa Novemba. Wa Machi, saa zikisogezwa mbele, hufika imamu ashatoa salamu.

#36 UjiWaMtama
Kwetu Misa ikikupita kuna ya jioni. Nyie mna akiba?

#37 UstadhMtaani
Ijumaa ikikupita unaswali Adhuhuri rakaa nne, ndugu. Akiba ipo, ila hutuba umeikosa.

#38 DerevaWaMalori
Wadau, narudi na jambo la maana. Ijumaa hii nitakuwa Minneapolis mchana, nimeambiwa Karmel Mall kuna msikiti humohumo juu ya maduka, na kuna wali na nyama ya mbuzi wa Kisomali. Mzaramo, lori naweza kuegesha pale?

#39 MzaramoWaCedar
Lori? Pale Ijumaa hata baiskeli haipati nafasi. Liache kituo cha malori huko nje ya mji, nitakufuata na gari. Na ukiletewa ndizi mbivu juu ya wali usiulize, kula.

#40 NesiWaStPaul
Dereva, ukishaegesha siku yako unahesabiwa msafiri au mkazi? Maana Ustadh namwona anachungulia hapo chini.

#41 UstadhMtaani
Ana nia ya kulala siku ngapi?

#42 DerevaWaMalori
Inategemea na huyo mbuzi.